Asiinuke Mtu Ahadi Akiwa Uwanjani

Mpendwa Baba mkwe,

Nakuandikia asubuhi, kwenye meza ya jikoni, katika nyumba ile ile ya Falls Church, huku Marekani, uliyoiita kabati. Hemedi mwanao yuko bafuni, nasikia maji yakimwagika. Sina muda mrefu. Kuna jambo nimelinyamazia miaka yote hii, na watu wote, kuanzia hapa mpaka Tanga, wanalisimulia sivyo. Wanasema ulianguka ghafla. Hukuanguka, Baba. Ulikuwa umekaa kitini, na mimi nilikuwa hatua mbili kutoka ulipokaa.

Barua hii naiacha wazi kwa sababu wewe huwezi kuisoma, na wapo wanaotakiwa kuisoma. Kwa hiyo hata yale unayoyajua nitayasema, ili wao wasipotee njiani.

Ulikuja kututembelea mwishoni mwa kiangazi, kwa miezi mitatu, na tiketi ya kurudi ukaihifadhi ndani ya msahafu wako. Mwanzoni tuliogopana. Mimi nimelelewa Pangani, najua mkwe anatakiwa awe vipi: hakai kiti kilicho sawa na chako, hakukodolei macho, hakubishii. Mambo hayo ni mepesi kwenye nyumba yenye ua na mawifi watatu wa kujificha nyuma yao. Kwenye vyumba viwili vya kupanga, ghorofa ya nne, karibu na barabara ya Route 7, ni shughuli. Hemedi alikuwa akitoka alfajiri kuiwahi barabara kuu ya Beltway kabla haijajaa magari, na kazi yake ya kompyuta ilimrudisha saa ya magharibi. Salma, binti yetu, alikuwa na miaka mitano, ndiyo kwanza ameanza shule. Zamu yangu kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Annandale ilianza saa tisa alasiri. Kwa hiyo tulishinda sisi wawili, mkwe na baba mkwe, tukizungumzia unga. "Unga wa huku mweupe mno," ulisema siku ya kwanza. Siku ya pili ukasema tena.

Kriketi ndiyo iliyotuokoa. Nilikupeleka Annandale kwenye duka la viungo la yule bwana wa Karachi, ukaona nyuma ya magunia ya mchele ana rafu nzima ya kaseti za video za mechi. Kaseti za kutoka Uingereza hazichezi kwenye mashine za Marekani, lakini yeye alikuwa na namna yake ya kuzigeuza huko stoo. Ulirudi na tatu, kwenye mfuko mmoja na mdalasini. Zote za timu ya Uingereza, zote za miaka ya tisini, zote mechi walizofungwa. Yule bwana akakuuliza, "Uncle, why you only take the ones they lose?" Ukamjibu kwa Kiingereza chako cha karani wa reli kwamba zile walizoshinda mtu yeyote anaweza kuzitazama.

Hemedi alikucheka jioni ile. "Baba, mkoloni huyo. Babu zetu wamehangaika kumtoa, wewe unamshangilia?"

"Walipokuwa wanatutawala sikuwapenda," ukasema. "Walipoanza kupigwa na kila mtu ndipo nikaona, kumbe na wao ni watu."

Ukanieleza, au tuseme ulimweleza Hemedi nami nikasikia, kwamba ulipoajiriwa reli wakubwa wa klabu ya kriketi pale Tanga walikupa kazi ya Jumapili ya kutundika namba kwenye ubao wa matokeo. Ulipanda ngazi na bamba la saba mkononi, ukashuka, ukapanda na la nane. Hukupewa gongo la kupigia mpira hata siku moja. Lakini ulikuwa juu kuliko wote, na ulimwona mpigaji kabla hajatolewa mchezoni kwamba atatoka. Uliniambia baadaye kwamba huwa inaonekana mabegani. Maneno hayo yananikosesha raha mpaka leo.

Miaka ya tisini ulikuwa na redio ndogo ofisini, na huko ndiko ulikowapata watu wako. Majina yao ya Kizungu uliyajua vizuri sana, lakini hukuyatumia. Uliwapa lakabu, kama watani. Fundi Saa alikuwa mpigaji mfungua dimba, mtu wa kukaa kutwa nzima akizuia mipira asiyetaka kuipiga, wenzake wakipukutika upande wa pili. Bwana Harusi alipiga kwa mkono wa kushoto, mzuri kumtazama, na alitoka kila mara kwa pigo zuri lisilo na lazima. Na Ahadi. Ahadi ulimpenda kuliko wanao, Hemedi alisema hivyo na hukukana. Ahadi alikuwa yule ambaye kila mtu aliapa kwamba atakuwa mkubwa. Kwenye timu ya mkoa wake alipiga mpaka warushaji wakaomba maji. Akivalishwa kofia ya taifa, miguu ikawa mizito. Wanamwita, wanamwacha, wanamwita tena. "Huyu si kwamba hajui," ulisema. "Huyu anajua mno kwamba anatazamwa."

Hivi ndivyo nilivyojifunza mchezo, na ndivyo nilivyojifunza sheria yako. Wapigaji wawili wakishashikana, wakatulia, mipira inapita na vijiti vitatu nyuma yao viko salama, basi nyumbani hakuna kuinuka. Kila mtu alipo ndipo alipo. Hakuna kukunja mguu uliokuwa umenyooka, hakuna kugeuza shingo, hakuna kusema "wanaendelea vizuri." Chai ikipoa ipoe. Ukiinuka na mpigaji akatoka, ni wewe. Mara ya kwanza nilinyanyuka kuzima jiko, na kabla sijafika mlangoni mpira wa Bwana Harusi ukadakwa, akatoka. Hukugeuka. Ulisema taratibu tu, "Umemuua, Mama Salma."

Nilicheka siku ile. Nikakwambia, kwa heshima lakini nikikutania, "Baba, lakini mechi hii imekwisha miaka mingi. Ni kaseti tu."

"Wao hawajui," ukasema.

Nilikaa chini. Tangu hapo niliishika sheria kuliko wewe. Nafasi yangu ilikuwa mkekani, mbele ya kiti chako, kidogo upande wa kulia, kwa sababu mkwe hakai juu na baba mkwe wake. Televisheni mbele yangu, wewe nyuma ya bega langu. Nilikusikia, sikukuona. Nilikupenda hivyo, Baba, kwa mgongo. Nilikuwa sina baba tangu nikiwa darasa la tatu, na sikuwahi kukwambia kwamba asubuhi zile nilijiona nimepata.

Halafu ukaja mwezi ule wa mpiga risasi.

Waliokuwa hapa wanaukumbuka. Watu walipigwa wakitia mafuta, wakikata nyasi, wakipakia vitu kwenye gari. Hakuna aliyejua ni nani anayepiga wala kwa nini. Tulijaza mafuta tumechutama nyuma ya gari, tulivuka maegesho tukikimbia kimshazari kama wendawazimu, na kila gari jeupe la mizigo, ambalo ilisemekana ndilo lake, lilitukausha mate. Walimu waliwafungia watoto madarasani wakati wa mapumziko. Kisha mtu akapigwa hapa hapa kwetu, kwenye maegesho ya duka tunaloenda wote, na Hemedi akapiga simu kutoka kazini: "Funga mapazia. Baba asikae dirishani. Usiende kokote bila sababu."

Jirani yetu wa ng'ambo ya ukumbi, Mama Neema wa Bukavu, aliyekuwa anafanya kazi nami Annandale, alibandika karatasi nyeusi kwenye madirisha yake yote. Alikuja kunikagua. "Mama Salma, rideau zako, haya mapazia, zinapitisha mwangaza. Funga kabisa. Siye tulikimbia masasi ya vita kule, sitaki yanikutie huku." Nikafunga kabisa. Nyumba ikawa giza saa nne asubuhi, na mwanga pekee ulikuwa wa uwanja wa kijani wa Waingereza kwenye kioo. Tuliogopa dirisha, Baba. Hakuna aliyefikiria kuogopa kiti.

Wiki ile ile kikombe kilikuponyoka. Mkono wa kushoto. Chai ilimwagika kwenye kanzu, nikaja mbio na taulo, ukawa unavitazama vidole vyako kama vya mtu mwingine. "Vimelala," ulisema. Mimi ni mtu wa kazi hiyo. Kila siku naangalia wazee wa watu, nimefundishwa nini cha kutazama: uso, mikono, maneno. Nilisahau haya ya mkwe, nikakwambia, "Baba, inua mikono yote miwili." Ukainua. Wa kushoto ulichelewa, kidogo tu, halafu ukaufikia wa kulia. "Umeridhika, daktari?" ukasema. Nikaleta kipimo changu cha presha. Namba iliyotoka sikuipenda, nikapima tena nikidhani mashine imekosea. Haikukosea.

"Nampigia Hemedi," nikasema.

"Usimpigie."

Hukuwahi kuniamuru kitu kabla ya hapo. Uliomba maji, uliomba chumvi, hukuamuru. Ukasema, "Wiki tatu nipo Tanga. Nina daktari wangu pale Ngamiani, ananijua. Hawa wa hapa wakinilaza hawataniachia, na mimi sikuja kufia kwenye nchi ambayo hata dirisha halifunguliwi. Hemedi akijua atanibeba hospitali kesho asubuhi. Niapie."

Nikaapa. Nilishika mkono wako, wa kulia, nikaapa. Sitasema kwamba ni heshima peke yake iliyonitia ulimi mfukoni. Ilikuwa pia raha. Nilikuwa na siri na baba. Nikapunguza chumvi, nikakutafunisha vitunguu saumu, nikakupima kila asubuhi na kuificha karatasi ya namba chini ya sukari. Nilijidanganya kwamba kuandika ni kutibu.

Siku nyingine, tukitazama, ulitaka kumtaja Ahadi na jina halikuja. "Yule," ukasema. "Yule kijana wetu. Yule." Kwenye kioo alikuwa anafunga glavu. Nikakutajia jina. Ukalirudia polepole, ukaondoka ukaenda kutawadha, na tulipokutana jikoni hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuwa naujua msemo huo tangu utoto. Nilidhani unamhusu anayeumwa tu.

Sasa naifikia asubuhi yenyewe. Nimekuwa nikiizunguka.

Hemedi kazini, Salma shuleni. Mapazia yamefungwa. Uliweka kaseti ya siku ya mwisho ya mechi ile ambayo Waingereza hawakuweza kushinda tena, walichoweza ni kukaa tu wasitoke wote mpaka jua lizame, ili wasifungwe. Tulishaitazama mara mbili. Tulijua Fundi Saa na Ahadi watashikana, watakaa muda mrefu, watu wataanza kuamini, kisha Ahadi atatoka na wengine watafuata kama vyombo vinavyoteleza kwenye beseni. Tulijua yote hayo. Tukakaa.

Walishikana. Nikanyoosha miguu yangu mkekani, nikaiacha hapo. Ulikuwa na kalamu na daftari lako, ukiandika kila mpira kama ulivyozoea. Nilisikia kalamu ikikwaruza. Kisha nikasikia imeanguka.

Haikutoa kishindo. Iliangukia zulia, ikajiviringisha mpaka karibu na kisigino changu. Nikasubiri uiombe. Hukuiomba. Nikajisemea kwamba hutaki niinuke, Ahadi ameshapiga mara mbili nzuri, unaogopa. Nikatabasamu peke yangu gizani. Nikawa najivunia kwamba nimeelewa bila kuambiwa.

Halafu pumzi yako ikawa nzito. Ulikuwa unalia mara nyingine, kimya kimya, Ahadi akipiga vizuri, na mimi nilikuwa najifanya sisikii, kwa kuwa mkwe hatazami machozi ya baba mkwe. Nikafikiri unalia. Ukatoa sauti moja, kama mtu anayetaka kuanza neno. "Mmh," nikakuitikia, bila kugeuka.

Mlango ukagongwa. "Mama Salma! Ni miye." Mama Neema. Sikujibu. Akagonga tena, akaita tena, kisha nikasikia kandambili zake zinarudi kwake. Nilikaa. Naandika neno hili kwa herufi zote ili Hemedi alione: nilikaa. Mgongo wangu ulijua. Nimehudumia wazee, pumzi ile naijua, nimeisikia kwenye vitanda vya watu. Kuna kitu shingoni mwangu kilitaka kugeuka na mimi nilikizuia, nikakiambia ngoja, wakitengana tu. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Nimewahi kujaribu kuihesabu mipira. Haikuwa michache.

Ahadi akatoka. Mpira wa kawaida tu, ulipita kati ya gongo na mguu wake, na vijiti vikalala. Nikaachia pumzi nikasema kwa sauti ya utani, nikisubiri unilaumu, "Leo si mimi, Baba. Sijainuka." Hukusema kitu. Mlango ukagongwa kwa mara ya tatu, nikanyanyuka na bado sikukutazama, nikaenda kufungua. Mwanga wa ukumbini ukaingia. Mama Neema alitazama juu ya bega langu, na sahani aliyoishika ikainama mpaka mchuzi ukaanza kumwagika.

"Mama Salma," akasema. "Angalia muzee. Mudomo yake imepinda."

Nikageuka. Macho yako yalikuwa wazi, Baba, na yalikuwa yananitazama mimi. Hayakuwa kwenye televisheni. Sijui yalikuwa yananitazama kwa muda gani.

Gari la wagonjwa lilikuja upesi. Watu wa ghorofa ya chini walilala sakafuni waliposikia king'ora, wakidhani ni yule mpiga risasi. Hospitalini daktari, dada mpole, akauliza ilianza lini: "When did it start?" Hemedi alikuwa amefika, bado ana kadi ya kazini shingoni, amenishika mkono. Nikasema, "Sasa hivi. Ghafla tu." Akauliza kama kulikuwa na dalili zozote siku zilizopita, udhaifu, kupoteza maneno, presha. Hemedi akanitazama. Nikasema hapana. Daktari akaandika. Jibu langu lilikuwa fupi sana, na limekuwa likiishi nasi nyumbani tangu siku ile, linakula mezani nasi.

Ulikaa siku tatu bila neno. Ulirudi Tanga kama ulivyotaka, ila si kwa njia uliyotaka. Sikuja mazishini, nilibaki na Salma. Mama mkwe alinipigia simu akanishukuru. Akasema, "Mwanangu, umemhudumia mume wangu mpaka dakika ya mwisho." Nilimwitikia.

Huko nyuma nilidhani nitabeba hili peke yangu na litakuwa adhabu yangu, basi. Nilijizoesha. Hemedi alijijengea hadithi nzuri na anaisimulia kila penye wageni: mzee alikwenda kama taa inavyozimwa, hana ugonjwa, hana dalili, anaangalia timu yake anayoipenda, mkwewe yuko pembeni. Watu wanasema, kifo kizuri hicho. Mimi naenda jikoni.

Lakini sasa, Baba, nisikilize vizuri.

Wiki mbili zilizopita Hemedi alisimama chumbani akihangaika na vifungo vya shati. Mkono wa kushoto. Nikamwuliza kuna nini. "Nothing, nimelalia mkono," akasema, na akavaa fulana. Ana miaka arobaini na minne. Siku ya Jumamosi alikuwa anamrudisha Salma kutoka kwa rafiki yake. Salma sasa ana miaka kumi na miwili, hasemi sana, lakini alinifuata nikiwa naosha vyombo akasimama tu hapo. Nikamwuliza, "Nini, mwanangu?" Akasema, "Dad's arm fell off the wheel. On the Beltway. He said don't tell you." Mkono ulimwanguka kutoka kwenye usukani, na alimwambia asiniambie.

Sahani niliyokuwa naiosha niliiweka chini kwa uangalifu sana.

Nilileta kipimo cha presha. Alikisukuma, akacheka, ana kicheko chako. "Mama Salma, hiyo ni yako na wazee wako wa Annandale. Kwetu hakuna presha. Baba alikuwa mzima kama chuma mpaka dakika ile. Mambo haya yakija yanakuja tu, huyaoni." Anaamini hivyo. Anaamini kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia hivyo, mbele ya daktari, na hana sababu ya kudhani kwamba mkewe ni mwongo. Kila ninapomwambia nenda kwa daktari, ananijibu kwa uongo wangu mwenyewe. Jana kwenye simu na ndugu yake alitafuta neno "jumatatu." Alitafuta muda mrefu. Mwisho akasema "siku ile ya kwanza," wakacheka wote wawili.

Nilivuka ukumbi nikamwambia Mama Neema. Hajawahi kunitolea siri, miaka yote. Alikuwa anachambua mchicha, akaendelea kuchambua, kisha akasema, "Ya muzee ilikuwa malheur, bahati mbaya. Haukujua, ao ulijua nusu. Mungu anajua ile nusu. Lakini ukinyamaza mara ya pili, Mama Salma, ile haiko tena malheur. Ile ni wewe."

Nimekuwa nikimkasirikia tangu jana. Nimekukasirikia na wewe, nikiri. Kwa nini uliniapisha? Ulijua nitatii. Ulinipima ukaona huyu ni mtu wa kukaa alipoambiwa akae, na ukanitumia. Ulikuwa unajua ya mabegani, ulimwona kila mpigaji kabla hajatoka. Najua ulijiona na wewe. Ungeniachia nimpigie Hemedi asubuhi ile ya kikombe, leo ungekuwa Tanga unalalamikia unga, na mimi nisingekuwa na mume anayesema "hakuna dalili" huku dalili zimemkalia mezani. Halafu hasira inaisha, nabaki nimekukumbuka tu. Nakumbuka ulivyonishushia sauti ya televisheni nikiswali. Nakumbuka siku uliponiambia, ukitazama pembeni, kwamba ungekuwa na binti angekuwa na akili ya mchezo kama yangu.

Sina wa kuniachilia kiapo ila wewe, na wewe hupo. Kwa hiyo nakivunja bila ruhusa. Kama huko uliko mtu hukasirika, kasirika. Naogopa uso wa Hemedi atakapofika mahali nilipoandika kwamba nilikaa. Anaweza kuondoka. Anaweza kunirudisha kwetu Pangani, anaweza kutonisemesha tena mpaka Salma aolewe, na atakuwa na haki yake. Namtaka aondoke akiwa mzima. Mwenye kunichukia na akapumua, huyo namtaka.

Basi, Baba mkwe wangu, nakuaga kwa mara ya kwanza, maana siku ile sikukuaga. Mungu akupe kivuli na dirisha linalofunguka.

Maji yamefungwa bafuni. Nasikia mlango wa kabati, nasikia hanga. Sasa ananiita, sauti yake ni ya kawaida kabisa, ina mzaha ndani yake: "Mama Salma, hebu njoo unifunge hivi vifungo."

Mkweo,
Mama Salma